Kizibo cha Kuazima

Chupa ya kioo ikifukiwa miaka 130 hutoka ardhini karibu vile ilivyoingia. Haiozi, haishiki kutu, mchwa hawana haja nayo. Kizibo chake hakina bahati hiyo. Cha gome kitakuwa kimeoza, cha waya kimeliwa na kutu, cha mpira kimekakamaa na kumeguka, cha zinki kimeota unga mweupe. Huko Uingereza, ambako kuchimba majalala ya enzi za Malkia Victoria kumekuwa mchezo wa wikiendi wa watu wengi tangu miaka ya 1970, wachimbaji hurudi nyumbani na chupa za kujaza ndoo na vizibo vya kujaza kiganja. Nenda sasa kwenye soko la vitu vya kale, au kwenye meza ya mnada. Hesabu imepinduka. Chupa baada ya chupa imevaa kizibo, kimekaa sawasawa, kinapendeza. Vimetoka wapi vyote hivyo?

Vingi vimeazimwa. Vimevuliwa kwenye chupa nyingine iliyopasuka, vimeokotwa kwenye droo za kiwanda kilichofungwa, au vimetengenezwa juzi na fundi anayejua kupinda waya. Waswahili walishasema nguo ya kuazima haisitiri makalio, na kwenye chupa za kale msemo huo unashikika neno kwa neno: kizibo kisicho cha chupa yake huacha mahali fulani wazi, na kazi ya mnunuzi ni kujua achungulie wapi. Chupa yenye kizibo chake cha asili huuzwa ghali kuliko pacha wake mtupu, na hapo ndipo tamaa inapoingia.

Kwa hiyo anza kwa kukisahau kizibo. Angalia mdomo.

Leo chupa ya soda ya Dar es Salaam na ya bia ya Brussels zinaweza kufungwa kwa kizibo cha aina moja, na hakuna anayeshangaa. Karne ya 19 haikuwa hivyo. Kila mvumbuzi aliyekuja na namna yake ya kuzuia gesi isitoroke alihitaji mdomo wa namna yake: mwingine mnene kama donge, mwingine wenye mfereji kwa ndani, mwingine wenye vishimo viwili vya kushikia waya. Kizibo kinaweza kuhama kutoka chupa hadi chupa. Mdomo hauhami.

Nao mdomo hueleza ulivyozaliwa. Chupa ilipulizwa kwa bomba la chuma ndani ya kalibu, ikapoa kidogo, kisha bomba likakatwa. Pale ilipokatika ndipo fundi alipotengeneza mdomo, ama kwa kuzungushia utepe wa kioo cha moto, ama kwa kuipasha shingo upya na kuifinyanga kwa koleo la kuzungusha. Kalibu huacha mshono ubavuni mwa chupa. Mdomo ukiwa wa kuongezwa, mshono huo hukoma ghafla chini yake, na mara nyingi utaona kioo kimechuruzika kidogo shingoni. Ukiwa wa koleo, mshono hufifia kabla ya kufika juu, na pembeni yake kuna mistari myembamba ya duara iliyoachwa na chombo kikizunguka. Halafu ikaja mashine ya Michael Owens wa Toledo, jimbo la Ohio, mwaka 1903. Mashine ile ilifanya kinyume: ilitengeneza mdomo kwanza, mwili ukafuata. Tangu hapo mshono hupanda bila kukatika na kuvuka hadi ukingo wa juu kabisa.

Pitisha ukucha. Ukikwaruza mshono mpaka juu ya mdomo, hiyo ni chupa ya mashine, ya karne ya 20, na kizibo unachoambiwa ni cha mwaka 1880 ni mgeni katika nyumba hiyo. Kipimo hiki hakihitaji darubini wala shahada. Wauzaji wanakijua pia, na wengine huweka chupa ndani ya kabati la kioo, wakaambatanisha karatasi nzuri ya maelezo, wakitumaini hutaomba kuishika. Omba.

Chupa inayostahili kukaliwa kitako zaidi ni ile ya gololi. Hiram Codd alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa Bury St Edmunds mwaka 1838, na kabla ya kuwa mvumbuzi alikuwa muuzaji wa vizibo vya gome. Aliijua taabu ya bidhaa yake. Gome la mwaloni wa Ureno na Hispania hufunga vizuri likiwa na unyevu. Likikauka husinyaa, na gesi ya maji ya soda hupenya. Ndiyo sababu kabla yake watengenezaji walitumia chupa zenye kitako cha mviringo, kama yai, zisizoweza kusimama hata mtu akitaka. Zililazwa kwa lazima, kinywaji kikalowesha kizibo muda wote. Mwaka 1872 Codd alipata hataza ya wazo lililoachana na gome kabisa: gololi ya kioo ndani ya shingo, ringi ya mpira ndani ya mdomo. Chupa hujazwa, hupinduliwa kichwa chini, gololi huangukia kwenye ringi, na gesi yenyewe huisukuma na kuikaza pale. Kinywaji kinajifungia mlango kutoka ndani. Baadaye alishirikiana na Ben Rylands, mtengeneza vioo wa Barnsley huko Yorkshire, na chupa zao zikasambaa duniani.

Kufungua, ulichukua kidude cha mbao chenye kijiti katikati, ukakibandika mdomoni na kukipiga kwa kiganja. Gololi ilidondoka, ikakamatwa na shingo iliyobinywa pande mbili. Vishimo viwili upande mmoja wa shingo viliizuia isirudi mdomoni wakati wa kumimina. Utaalamu wote huo, na mwisho wake watoto wakaona jambo moja tu: ndani mna gololi. Chupa kwa maelfu zilivunjwa shingo kwa ajili ya mchezo wa uchochoroni, na mpaka leo majalala ya Uingereza hutoa chupa za Codd zisizo na vichwa.

Swali la uhalisi hapa lina sura yake ya pekee. Gololi ni kubwa kuliko tundu la mdomo. Iliingizwa shingo ikiwa bado wazi, kisha mdomo ukafinyangwa juu yake na kuifungia maisha. Kwa hiyo gololi ya chupa ya Codd ndiyo kizibo kisichoazimika kirahisi kuliko vyote. Kuitoa ni kuivunja chupa. Kinachobadilishwa ni mpira. Mpira wa mwaka 1890 ulio laini leo haupo. Ukibonyea kwa kidole, umewekwa karibuni, na muuzaji mkweli atakuambia hivyo bila kuulizwa. Hilo si kosa, mradi bei isipande kwa sababu yake. Kuna watu huona ringi mpya kama uharibifu wa kumbukumbu. Mimi siungani nao. Ringi ilitengenezwa ili ichakae na kubadilishwa hata wakati ule, kiwanda kilipozirudishia chupa mpira mpya kabla ya kuzijaza tena.

Hatari ya kweli iko kwingine. Chupa za gololi hazijafa. Japani bado inauza kinywaji cha Ramune, kilichoanza Kobe mwaka 1884 kwa mkono wa Alexander Cameron Sim, na India vibanda vya mitaani bado vinamimina banta kutoka chupa za kioo zenye gololi. Chupa hizo zikivushwa bahari, zikapakwa tope na kukaushwa, hupata umri wa miaka 100 katika safari ya meli moja. Ya Ramune hujifichua upesi, kwa kuwa siku hizi aghalabu kichwa chake ni cha plastiki. Ya India inataka jicho. Tazama kitako kwanza: chupa iliyosukumwa kwenye kreti za mbao na sakafu za mawe kwa miaka mingi ina duara la mikwaruzo midogo isiyo na mpangilio, baadhi imezama, baadhi ni juujuu. Iliyosuguliwa kwa msasa ina mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Kisha chungulia ndani ya shingo, pale gololi inapokaa ikidondoka. Gololi iliyogonga kioo mara nyingi huacha vialama vidogo vya kuchubuka, na yenyewe hupata michubuko. Chupa isiyo na alama hata moja mahali hapo haijawahi kufunguliwa mara nyingi, na maji ya soda ya karne ya 19 yaliuzwa kwa chupa za kurudishwa kiwandani. Mwisho soma maandishi yaliyochomoza kwenye kioo. Chupa ya kale kwa kawaida ina jina la mtengeneza soda na mji wake, kwa kuwa alitaka mali yake irudi. Isiyo na jina la mtu yeyote ilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Marekani walikuwa na njia yao. Charles G. Hutchinson wa Chicago alipata hataza tarehe 8 Aprili 1879 kwa kizibo cha waya wenye kitanzi juu na diski ya mpira chini. Uliuvuta waya, mpira ukabana mdomo kutoka ndani. Uliubonyeza, gesi ikatoka kwa mlipuko mdogo ambao watoto wa Marekani waliupenda. Kwenye chupa za Hutchinson ndimo Joseph Biedenharn wa Vicksburg, Mississippi, alimofunga Coca-Cola mwaka 1894, ilipokuwa bado ikiuzwa kwa gilasi kwenye maduka ya dawa. Chupa zile zilikuwa na jina lake yeye, wala si la kinywaji. Nakala za kumbukumbu zimetengenezwa tangu wakati huo, na baadhi yake hupoteza karatasi zake za maelezo njiani kati ya kabati moja na jingine.

Waya wa Hutchinson ulibaki ndani ya chupa hata kinywaji kilipoisha. Ni kizibo kichafu, kwa kweli. Kusafisha chini ya mpira ule kulikuwa shida, na kadiri watu walivyoanza kujali usafi wa vyakula mwanzoni mwa karne ya 20 ndivyo kilivyokosa wateja. Lakini uchafu huo unamsaidia mpelelezi. Waya uliokaa shingoni kwa miaka mingi hutia kutu kwenye kioo chenyewe, doa la kahawia lisilotoka kwa maji na sabuni, na diski iliyokakamaa huacha duara la ukungu pale ilipokuwa ikigusa. Ukiona waya umekula kutu vizuri kabisa, na kioo kinachouzunguka kikang'aa kama kilitoka dukani asubuhi, basi viwili hivyo havikuzeeka pamoja. Pima pia urefu. Vizibo hivi vilitengenezwa kwa saizi tofauti kwa shingo tofauti. Kisichofika, au kinachochomoza mno juu ya mdomo, kilikuwa cha jirani.

Kizibo cha waya wa kubana, kile ambacho baadhi ya bia za Ulaya bado zinacho, Grolsch ya Uholanzi ikiwa mojawapo, kilipewa hataza tarehe 5 Januari 1875 kwa jina la Charles de Quillfeldt wa New York. Haki za upande wa bia zilichukuliwa na Karl Hutter, na za upande wa mitungi ya matunda na Henry Putnam. Tofauti ya kukumbuka ni kauri. Kichwa cheupe cha kauri chenye ringi ya mpira, ambacho wengi hudhani ni cha tangu mwanzo, Hutter alikipatia hataza mwaka 1893. Chupa ya mwaka 1878 yenye kichwa cha kauri imevalishwa baadaye. Huenda ilivalishwa na kiwanda chenyewe katika maisha yake marefu ya kwenda na kurudi, wala hapo hakuna udanganyifu. Ila kauri nyingi zilipigwa chapa ya kiwanda cha bia. Kauri ikitaja kiwanda cha mji mmoja na kioo kikataja cha mji mwingine, hakuna haja ya kumwita mtaalamu.

Waingereza walipenda zaidi skrubu ya ndani. Henry Barrett, mwaka uleule wa Hutchinson, 1879, alileta kizibo cha mpira mgumu mweusi kinachosokotwa ndani ya mdomo, na kilidumu kwenye bia mpaka wazee walio hai leo wanakikumbuka. Nacho kilibeba majina ya viwanda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mpira ulipokuwa haba, vizibo vingine vilipigwa maandishi ya kueleza kuwa ni vya daraja la wakati wa vita. Kukuta maandishi hayo kwenye chupa inayouzwa kama ya mwaka 1895 ni furaha ndogo ninayomtakia kila msomaji.

Mitungi ya Mason ina mtego wa aina yake, na mtego huo umeandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. John Landis Mason alipata hataza tarehe 30 Novemba 1858 kwa mtungi wenye mdomo wa skrubu na kifuniko cha zinki. Viwanda viliendelea kuiandika tarehe hiyo kwenye mitungi kwa miongo mingi baada ya hataza kwisha, kwa hiyo mtu anayekuuzia mtungi "wa mwaka 1858" kwa kukuonyesha maandishi anakusomea tangazo. Shika kifuniko. Zinki tupu ilitia chakula ladha mbaya, na mwaka 1869 Lewis Boyd akapata hataza ya kuweka bamba la kioo cheupe kwa ndani. Kifuniko chenye bamba la Boyd hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Mitungi ya awali ina ukingo uliosagwa, mkavu na mkwaruzo kwa kidole, kwa sababu kioo cha ziada kilivunjwa na kusawazishwa kwa jiwe. Ile ya rangi nzito za kuvutia yenye ukingo laini, samawati iliyoiva au kahawia, mingi ilitengenezwa katika nusu ya pili ya karne ya 20 kupamba jikoni. Mason mwenyewe alikufa mwaka 1902, na utajiri wa mitungi ukaenda kwa wengine.

Kisha kikaja kilichowamaliza wote. William Painter wa Baltimore alipata hataza ya kizibo cha bati chenye meno tarehe 2 Februari 1892. Hiki msomaji anakijua kwa mkono: ndicho tunachokichezea drafti, timu moja imelala chali na nyingine kifudifudi, na ndicho watoto wanachokitoboa kutengenezea magurudumu ya magari. Painter alitaka kizibo kitumike mara moja na kutupwa, ili kiwanda kirudi kununua vingine, na inasimuliwa kwamba alimshauri mmoja wa wauzaji wake atafute naye kitu cha namna hiyo. Muuzaji huyo alikuwa King Gillette. Wembe ukazaliwa.

Hesabu meno ya kizibo cha soda utakachofungua leo: 21. Vile vya Painter vilikuwa na 24 na vilikuwa virefu zaidi kidogo. Geuza kizibo utazame tumboni. Mpaka kwenye miaka ya 1960 ndani mlikuwa na kijiduara cha gome, plastiki ikalifuta. Chupa ya soda ya mwaka 1915 iliyojaa, imefungwa kwa kizibo kinachodaiwa hakijawahi kuguswa, na ndani yake ukachungulia plastiki, imejazwa na mtu aliyezaliwa baada ya mwenye kiwanda kufa.

Nimeliacha gome hadi karibu na mwisho kwa sababu fedha nyingi zaidi zimepotea hapo.

Kwenye chupa za dawa hali ni rahisi. Serikali ya Marekani ilitoza kodi ya stempu kwa dawa za kampuni kati ya mwaka 1862 na 1883, na tena kwa muda mfupi kuanzia 1898. Uingereza ilianza mwaka 1783 na haikuacha mpaka 1941. Stempu au lebo ya kodi ilibandikwa ipite juu ya kizibo, ili anayefungua aichane. Chupa ambayo stempu yake imevuka gome ikiwa nzima, na gundi yake imekauka pamoja na vumbi, inabeba ushahidi mara mbili, wa serikali ya wakati ule na wa kioo chenyewe. Wadanganyifu hubandika stempu za kweli kwa gundi mpya. Taa ya urujuanimno, ileile inayokagulia noti benki, huwaumbua: gundi nyingi za kisasa hung'aa chini yake, na karatasi nyeupe za baada ya Vita Kuu ya Pili pia hung'aa.

Divai ndiyo iliyowavua nguo matajiri. Mwaka 1985 nyumba ya mnada ya Christie's mjini London iliuza chupa ya divai ya Lafite ya mwaka 1787 kwa pauni 105,000. Ilichorwa herufi za Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, na ilitoka kwa Mjerumani aliyeitwa Hardy Rodenstock. Mnunuzi, wa familia ya Forbes, aliiweka kwenye maonyesho chini ya taa kali. Gome likakauka, likasinyaa, likatumbukia ndani ya divai. Hoja ya kama kizibo kile kilikuwa cha asili ikaishia chini ya kioevu. Tajiri mwingine, Bill Koch, aliyekuwa amenunua chupa nne za jamii hiyo, hakuridhika. Aliajiri wapelelezi, na wataalamu wao wakasema herufi zilichongwa kwa chombo cha umeme. Rodenstock alikana mpaka kufa kwake mwaka 2018, na hakuwahi kuhukumiwa kwa jinai.

Rudy Kurniawan alihukumiwa. Kijana huyo aliyeishi Arcadia, California, alikuwa ameuza divai za Burgundy na Bordeaux za mamilioni ya dola. Aprili 2008 Laurent Ponsot, mwenye shamba la Burgundy, alisafiri hadi New York kuzuia mnada wa chupa zilizobeba jina la familia yake, baadhi zikiwa za Clos Saint-Denis za mwaka 1945 na kuendelea, wakati shamba lake lilikuwa halijatengeneza divai hiyo kabla ya miaka ya 1980. Machi 2012 maofisa wa FBI walipoingia nyumbani kwa Kurniawan walikuta chupa za kale zilizolowekwa zitoke lebo, mihuri ya mpira, lakiri, vizibo vya gome, na kifaa cha kushindilia vizibo. Ni karakana kamili ya kuazimisha. Mwaka 2014 alipewa kifungo cha miaka 10.

Angalia alivyofikiri. Chupa zilikuwa za kweli: kioo cha kale hakuna mwenye uwezo wa kukitengeneza bila kuumbuka, kwa hiyo alitumia kioo cha kale, hata kwa kuomba chupa tupu kutoka mkahawa alikokula. Udanganyifu wote aliuweka kwenye vitu vinavyobadilishika, lebo, lakiri na gome. Anayekagua chupa za namna hii hukata kwanza karatasi ya risasi inayofunika mdomo, akiruhusiwa, na kutazama ubavu wa kizibo dhidi ya kioo. Mashamba mengi makubwa huchapa jina na mwaka kwenye gome. Gome la miaka 60 limelowana rangi chini, limekuwa jeusi juu, na linakaza vibaya. Lililong'olewa kwa kizibuo cha meno mawili na kurudishwa lina michirizi miwili ubavuni inayotazamana. Ugumu ni kwamba gome jipya si dhambi. Mashamba yenyewe hubadilisha vizibo vya divai kuukuu, na Penfolds ya Australia imekuwa ikiwaalika wateja tangu 1991 walete chupa zao zikaguliwe na kufungwa upya mbele yao. Mabadiliko ya namna hiyo huacha maandishi, cheti na tarehe, na maandishi hayo ndiyo ya kuomba.

Kwa anayeanza leo na hana fedha za Bordeaux, ningemshauri aanze na chupa za manukato na za mezani zenye vizibo vya kioo. Hizo zilifungwa kwa kusaga: mdomo ulisagwa kwa ndani, mguu wa kizibo ukasagwa kwa nje, kimoja kikasuguliwa ndani ya kingine kwa unga wa mchanga mpaka vikabanana bila hewa. Ndoa hiyo haikuwa na mbadala, kizibo cha chupa moja hakikukaa sawa kwenye dada yake aliyetoka kalibu ileile. Kiweke, kigeuze taratibu robo mzunguko, kisikilize. Chake hukaza polepole na kusimama. Cha kuazima hucheza, au hukwama juu na kuacha ukanda wa kioo kilichosagwa ukionekana nje ya mdomo. Tumia tena ile taa ya noti: kioo chenye risasi na kioo cha kawaida havitoi mwanga wa rangi moja, na kizibo kilichotoka chungu kingine cha kioo kitajitenga gizani.

Viwanda vya Ufaransa vilijua vizibo vitapotezana mezani pa fundi, vikachora namba ndogo kwenye mguu wa kizibo na namba hiyohiyo kwenye shingo au kitako cha chupa. Lalique walifanya hivyo, Baccarat pia. Namba zimechorwa kwa sindano, hafifu, na hutaziona bila kuigeuza chupa kwenye mwanga wa dirisha. Zikilingana, zungumza bei. Zisipolingana, muulize muuzaji kwa upole ile chupa nyingine ameiweka wapi.